Mkono wa Tatu Chini ya Shuka

Mbuzi ndio waliojua kwanza. Ilikuwa kiangazi kile cha Garissa ambacho hata kunguru walitembea kwa miguu, na Mustaf mpishi alipofungua kasha jekundu mbele ya Hared, mbuzi wote wa zizi lile waliinua pua kwa pamoja wakaanza kulia. Walisikia mvua. Mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani, wingu hakuna hata la kuonyesha mtoto, lakini harufu ilikuwepo, ile ya vumbi lililopigwa na matone ya kwanza, na ilitoka ndani ya kasha.

Hared akacheka. "Walaal, ndugu yangu, umeniletea mvua kwenye sanduku?"

"Nimekuletea pete," Mustaf alisema. Hakucheka.

Kasha lilikuwa dogo, la kutosha viganja viwili. Mti wake ulipakwa rangi nyekundu tabaka juu ya tabaka, mamia ya tabaka, mpaka rangi yenyewe ikawa nene ya kuchongwa kama sabuni. Juu ya kifuniko walichongwa wawindaji wamepanda farasi, wamevuta pinde, wanakimbiza kitu kati ya mawingu. Farasi mmoja hakuwa na mtu juu yake. Ndani, kwenye kitambaa cha hariri kilichooza, ililala pete nene ya jiwe la yashi, rangi ya jani changa lililochovywa kwenye maziwa.

"Ya Mzee Gao," Mustaf alieleza. "Yule mpimaji wa barabara, Mchina wa kambi yetu ya Modogashe. Alikuwa na makasha mengi na pete nyingi kama hizi, alizinunua kwenye minada ya kwao, kila jioni anazifuta moja moja kama mtu anayeosha watoto. Walizivaa wapiga mishale wa mfalme wao, kwenye gumba, ili kamba ya upinde isiwakate nyama. Nyingi zilikuwa pambo tu, alisema. Hii ilifanya kazi. Tazama ukingo, kamba imeula."

"Na hii hakuifuta?"

"Hata kasha hakulifungua. Aliniambia, 'Mustaf, zile nyingine nazikusanya. Hii naichunga.' Alipougua wakamrudisha kwao, alinipa nikalifukie barabarani kabla lami haijamwagwa."

"Na wewe ukaona uniletee mimi."

"Watoto wanataka kula. Ichukue, uwauzie hao wanaokusanya vitu vya kale, wako Nairobi. Lakini, walaal, usiivae."

Hared alimpa mbuzi jike mwenye tumbo kubwa, akasema ana mimba. Mbuzi yule hakuwa na mimba. Alilishwa chumvi usiku kucha, asubuhi akanywa maji mpaka akajaa kama mtungi. Alikufa ndani ya lori kabla hajaiona Modogashe, na Hared alipopelekewa habari alisema labda barabara ilikuwa mbaya.

Huyo ndiye Hared. Mashariki yote ya nchi hii, toka Takaba mpaka mto Tana, hajazaliwa dalali wa mifugo kama yeye, na anayebisha aende soko la Garissa aulizie. Kuna madalali wanaojua ng'ombe. Kuna wanaojua watu. Hared alijua vidole. Kwa asiyejua mambo yetu: sokoni bei haitajwi kwa mdomo, maana masikio ni mengi. Muuzaji na mnunuzi hupeana mkono wa kulia, shuka hutupwa juu yake, na huko chini vidole ndivyo vinavyosema. Kidole hiki ni kiasi hiki, kiganja kizima ni kiasi kile, ukikwaruza umeongeza, gumba likibinya umekataa. Nyuso zinaangalia ngamia tu, kama hakuna jambo. Bei ikikubalika, muuzaji hupiga kiganja cha mwenzake, pa, na kwa mkono wa kushoto huachia kamba ya mnyama. Kamba ikiachiwa, basi. Hata kama mnyama aliachwa na marehemu baba yako, kilichokuwa mkono wa kushoto kimekwenda.

Chini ya shuka Hared alisikia jasho la mtu akajua kama ana mgonjwa nyumbani. Akimshika mkono mfugaji wa Griftu anasema bei hii, akimgeukia mnunuzi wa Nairobi anasema nyingine, na ile ya katikati inalala mfukoni mwake. Mkono ule wa kulia ulijenga nyumba, ukaoa mke mzuri, Fowsiya, na ulipakwa mafuta kila asubuhi.

Kwa hiyo aliivaa. Mtu kama yule utamwambia asivae?

Iliingia kwenye gumba lake kana kwamba alipimwa. Ilikuwa baridi. Mchana ule ambao chuma cha lango kiliunguza, pete ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani, na haikupata joto hata baada ya kukaa mwilini. Sokoni wanunuzi walishtuka walipoigusa chini ya shuka, na mtu aliyeshtuka hukosa hesabu. Hared alivuna. Alirudi nyumbani anaimba, na binti yake Samsam, mwenye miaka saba, akamkimbilia langoni.

Samsam alikuwa mtoto wake wa pekee. Kabla hajajua kusoma alikuwa ameshajua vidole, maana baba yake alimfundisha kwa mchezo, wamefunika mikono kwa mtandio wa mama. Walikuwa na alama yao ambayo soko halikuijua: kiganja kikibinywa mara tatu, maana yake *aabo, baba, twende nyumbani*. Akichoka harusini, anabinya. Akiogopa sindano hospitalini, anabinya. Na Hared, ambaye hakuwahi kutii bei ya mtu, ile aliitii siku zote.

Shule zilipofungwa, Samsam alilia mpaka akapelekwa sokoni. Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa la dalali, mtu mwingine asingeweza kulifanya.

Abdinasir, mnunuzi wa machinjio ya Nairobi, alitaka fahali wa kahawia. Fahali alifungwa kwenye nguzo. Hared hakushika kamba yake, kwa sababu ngamia walikuwa wanapita na mkono wa kushoto ulimshika Samsam asikanyagwe. Shuka likatupwa. Abdinasir akashika kidole, Hared akakataa. Akaongeza, akakataa. Halafu mkono ule chini ya shuka ukawa mrefu zaidi, mkavu, mgumu, na gumba lake lilikuwa na sugu kama ya mtu aliyevuta kamba maisha yake yote, na ukatoa bei kubwa, bei ya wazimu, bei ambayo fahali hajawahi kuipata tangu soko lile lizungushiwe ukuta. Hared alimeza mate. Hakutaka mtu abadilishe mawazo. Akapiga kiganja, pa! Na kwa mazoea ya miaka yote, mkono wa kushoto ukaachia.

Harufu ya mvua ikapita katikati ya soko. Mbuzi wakalia.

"Warya, wewe Hared," Abdinasir alisema polepole. "Umefunga bei na nani?"

"Na wewe. Una mkono baridi leo."

"Mimi?" Mikono yote miwili ya Abdinasir ilikuwa kichwani, anafunga kilemba upya. "Nimeutoa zamani. Nilikuwa nakungoja umalize kuongea na shuka lako."

Waliokuwa karibu wakacheka. "Joto limempanda!" "Ameuza hewa!" Hared naye akacheka, maana dalali hachekwi peke yake. Akakung'uta shuka. Halikuwa na mtu. Alipoinama kumshika tena Samsam, mtoto alikuwa amesimama palepale alipoachiwa, ametulia sana, anaangalia upande ambao hakukuwa na kitu.

"Aabo," alisema, "yule mtu wa farasi ameniambia kwa vidole nimngoje."

Jioni ile Fowsiya alipomwogesha mtoto, beseni lilianguka. Hared alikuta mke wake amepiga magoti kwenye maji, amemshika Samsam mabega.

"Njoo uone," alisema kwa sauti ya chini. "Njoo uone, na uniambie ni rangi ya nani."

Mnyama akinunuliwa sokoni hupakwa rangi mgongoni, kila mnunuzi na yake, kijani, buluu, ili lori likija achukuliwe asichanganyike na wa wengine. Mgongoni mwa Samsam, toka bega hadi bega, ulipita mstari mmoja mwekundu. Sabuni haikuutoa. Mafuta ya taa hayakuutoa. Ulikuwa mnene, unang'aa, na ukipitisha ukucha unasikia tabaka juu ya tabaka.

Hared akajaribu kuvua pete. Haikutoka.

Tangu hapo nyumba haikuwa nyumba. Fowsiya alichoma ubani kila magharibi, na moshi ulifika mlango wa chumba cha mtoto ukarudi nyuma, kwa sababu ndani kulikuwa na mvua, harufu yake tu, nzito, mpaka kuta zilionekana zinatoka jasho. Mbuzi wa jirani waliruka ua wakamfuata Samsam kila alikokwenda, wanamlamba vidole. Na mwadhini alipokuwa bado anaita, zikasikika kwato nyuma ya ukuta. Watu wa Garissa wanamjua punda, anavuta maji mchana kutwa, hatua zake ni za mtumwa. Hizi hazikuwa za punda. Zilitembea zikizunguka nyumba, bila haraka, kama mtu anayekagua mali yake, zikasimama dirishani, na kila zikisimama Samsam aliacha kula.

"Fowsiya," Hared alinong'ona, "usimwambie mtu. Watasema nimemuuza mtoto."

"Kwani hukumuuza?" mke wake alinong'ona vilevile.

Fowsiya ndiye aliyemleta Sheikh Barre, mzee mfupi mwenye jicho moja, aliyekwisha kutoa majini ya kila kabila na hata mengine yaliyokataa kutaja kabila. Alisoma tangu adhuhuri. Maji kwenye bakuli yalitetemeka, mbuzi walinyamaza, lakini jini halikusema. Halikumpanda mtoto, halikumpanda mama. Badala yake mkono wa kulia wa Hared ukainuka wenyewe ukanyooka mbele, kiganja wazi, kama wa mtu anayetaka biashara.

Sheikh akautazama sana.

"Huyu hana lugha yetu," alisema. "Ametoka mbali. Ila vidole amejifunza kwako, Hared. Leta shuka. Wewe ndiye mkalimani, na ukalimani ni amana mbele ya Mungu, unanisikia? Muulize anataka nini amrudishe mtoto."

Shuka likatupwa. Chumba kikawa baridi. Hared akahisi mkono ule mrefu unaingia chini ya nguo, unapapasa, unatafuta. Haukuhesabu. Ulipita kidole cha mwisho, ukapita cha pete, ukapita cha kati na cha shahada, ukafika kwenye gumba, ukalishika kwenye shina pamoja na jiwe lake, na ukalipinda nyuma taratibu, kama mtu anayejaribu tawi kabla ya kulikata. Halafu ukangoja. Wala haukuwa na ukali. Bei ilikuwa wazi, hata Samsam angeielewa.

"Anasemaje?" Sheikh Barre aliuliza.

Hared aliangalia mahali shuka lilipovimba. Dalali bila gumba ni nani? Hawezi kubinya, hawezi kukataa, ni bubu wa soko. Atakaa kivulini na wazee wasio na meno, watoto wa jana watampita, watasema huyu naye aliwahi kuwa Hared. Akamtazama Samsam kwenye mkeka. Akautazama mkono wake. Na chini ya shuka akapiga kiganja, pa, nimekubali. Na juu ya shuka akasema:

"Kondoo."

"Kondoo?"

"Kondoo dume. Mweusi, asiye na doa."

"Kondoo tu?" Jicho moja la sheikh lilimganda usoni. "Hared. Mtoto mzima kwa kondoo?"

"Ni mgeni, hajui bei za huku," Hared alisema, na hata akatabasamu, maana mdomo una mazoea yake.

Fowsiya alilia kwa furaha akabusu kichwa cha mtoto. Pete ikateleza yenyewe kwenye gumba, ikadondoka. Mkono wa mbali ulikuwa umeamini neno la dalali, na umempa muda wa kulipa.

Kondoo akachinjwa, maskini akala. Mstari mgongoni ukafifia, ukawa kama alama ya kulalia mkeka. Kwato zikakoma. Samsam akacheza na wenzake, na Hared akarudi sokoni anatembea kwa bega moja mbele. "Kuna wanaodanganya mfugaji," alimwambia Abdinasir wakinywa chai, "na kuna wanaodanganya mnunuzi. Wewe umewahi kuona aliyedanganya wote hao na wa tatu asiyeonekana?"

Abdinasir aliweka kikombe chini. "Walaal, usiseme hivyo hata kwa mchezo."

"Mchezo gani? Nilimpa kondoo!"

Kasha alilirudisha kabatini na pete ndani yake. Atapata mtu wa Nairobi, alisema. Bei iongezeke kwanza.

Siku ya soko iliyofuata, alasiri, ule wakati ambao malori hurudi nyuma kupakia na kila mnunuzi hukusanya alichopaka rangi, Hared alikuwa uani anapasua kuni, Fowsiya anachota maji kwenye pipa, Samsam anaruka kamba. Mbuzi wakainua pua. Samsam akaacha kuruka, akaitupa kamba, akaja akashika mkono wa baba yake wa kushoto, na kupitia gauni lake jepesi Hared aliuona mstari, mwekundu, unang'aa, mbichi kama umepakwa sasa hivi.

Akambinya mkono mara tatu. Aabo, twende nyumbani.

"Tuko nyumbani, mama," Hared alisema, lakini kwato zilikuwa zimeanza, si nyuma ya ukuta sasa bali ndani ya ua, na vumbi liliruka fungu kwa fungu likija kwao bila mnyama juu yake, na mbuzi wakagawanyika pande mbili wakaacha njia kama wanavyoliachia lori, na harufu ya mvua ikawa nene mpaka ikamjaa puani kama maji ya mto, na mtoto akaanza kuvutwa, polepole, miguu yake midogo inachora mistari miwili kwenye mchanga, hapigi kelele, anambinya tu, mara tatu, tena mara tatu, na Hared akamshikilia kwa mikono yote miwili na bado anavutwa, akaburutwa naye, mpaka macho yake yakaangukia shoka kwenye gogo, na akili yake ya dalali, ambayo haikuwahi kumwangusha, ikamwambia bado kuna nafasi, bei yake unaijua, lipa, lipa sasa hivi, lakini gumba lililotakiwa ni la kulia, na shoka hushikwa na mkono mwingine, na mkono mwingine ndio uliobaki umemshika mtoto, na akauachia.

Shoka likashuka.

"Chukua!" Hared alipiga ukelele, damu inaruka juu ya kuni. "Hili hapa! Hili ndilo ulilotaka! Si ulisema gumba? Chukua gumba, niachie mwanangu!"

Ikasikika kamba ya upinde, mlio mmoja, mfupi. Vumbi likalala. Mbuzi wakashusha vichwa wakaanza kutafuta majani, kama hakuna jambo. Uani walibaki watu wawili, na gumba juu ya gogo ambalo hakuna aliyelitaka tena.

Fowsiya alisimama na kopo mkononi, maji yanamwagika miguuni mwake.

"Alitaka nini?" aliuliza. Hakupandisha sauti. "Hared. Siku ile chini ya shuka. Alitaka nini?"

Hakujibiwa mpaka leo. Yuko kwao Takaba, hasemi na mtu, na kila wingu likipita anatoka nje.

Kasha lilipofunguliwa halikuwa na pete. Juu ya kifuniko wawindaji wote wamekaa kwenye farasi wao, hata yule farasi aliyekuwa mtupu ana mtu juu yake, hakuna aliyepungua, na Mustaf aliyekuja kulichukua alitazama mara moja tu akalifunga kwa gunia, akaenda kulifukia barabarani alikoambiwa tangu mwanzo. Alichelewa kidogo tu.

Ukienda Garissa siku ya soko, upande wa ng'ombe, utashangaa. Madalali wa upande ule hawatumii shuka tena. Wanataja bei kwa mdomo, kwa kelele, masikio yote yanasikia, au wanaandika kwenye simu na kuonyeshana. Ukiwauliza watasema ni maendeleo. Waongo. Ni kwamba mtu akiweka mkono chini ya shuka, akiwa anasubiri kidole cha mwenzake, huja mkono mwingine mdogo, wa kitoto, baridi, wenye harufu ya mvua. Hautaji bei. Unashika kiganja, unabinya mara tatu, unangoja kidogo, unaondoka kwenda kwa mwingine. Abdinasir umempata. Mfugaji wa Griftu ambaye hata hakujua habari umempata, akaacha fahali wake akakimbia.

Na pale kwenye nguzo amekaa mtu mwenye vidole vinne, shuka kuukuu limefunika mkono wake tangu asubuhi. Hauzi, hanunui. Watu wakipita karibu husikia anahesabu kwa sauti ndogo, moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, na kila mbuzi wa soko akiinua pua, huunyoosha ule mkono mbele chini ya shuka, mpaka bega linatetemeka.

Mkono wa mtoto umemfikia kila mtu sokoni. Yeye haujawahi kumgusa.